Vedeti wa kununua na kipaji cha kulea: historia ya MMA inatufundisha nini?



Wengi mnanijua kama mtu wa mihogo na kahawa. Leo naandika juu ya mapigano. Msishangae, mwisho mtaona kama tuko katika shamba lile lile.

1. Swali la mudogo wangu

Mudogo wangu ana miaka 22. Kwa miaka mitano anafanya mazoezi katika sali moja ndogo upande wa Kadutu, hapa Bukavu. Alianza na judo, kisha mwalimu akaongeza ngumi na mateke, na leo wanafanya MMA, yaani ule mchezo unaoruhusu kupiga mkiwa mmesimama, kuangushana, na kumaliza chini kwa kukaba shingo ao kukunja kiungo. Tatami zao zimeshonwa na kushonwa tena. Mvua ikinyesha sana wanazisogeza upande wa ukuta, juu bati linavuja.

Mwaka uliopita alipata habari njema: gala inaandaliwa, na yeye njo atapigana mwisho, pambano kubwa. Picha yake ikawekwa kwenye afishi. Siku kumi kabla ya gala waandaaji wakabadili afishi. Walikuwa wamempata msanii mmoja anayejulikana sana ku simu za vijana. Huyo msanii alikuwa na wiki sita tu za mazoezi. Yeye akawekwa mwisho, picha yake ikajaza afishi nzima. Mudogo wangu akapelekwa pambano la kwanza, saa tisa mchana, wakati viti bado vinapangwa. Alishinda ndani ya dakika mbili. Tuliomuona ni mama, mimi, mwalimu wake na watu labda thelathini.

Jioni sali ilijaa mpaka watu wakapanda madirishani. Na niseme ukweli: mimi pia nilibaki mpaka mwisho ili nimuone msanii, na nilipiga kelele kama wengine.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani, mudogo wangu akaniuliza: «Yaya, juu ya nini natoka jasho miaka mitano?»

Sikuwa na jibu. Nikamwambia anipe muda nisome. Andiko hili ni jibu langu kwake, na nimeona niliweke hapa kwa sababu swali lake nalisikia pia kwenye midomo ya wenzetu wenye diploma mkononi: juu ya nini kujifunza miaka mitano, kama anayejulikana anapita mbele?

2. Kabla ya MMA: Ali anaenda Tokyo

Wazazi wetu wanakumbuka usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974, pale Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman kule Kinshasa. Wachache wanakumbuka kilichofuata karibu miaka miwili baadaye. Tarehe 26 Juni 1976, Ali yule yule alisimama Tokyo mbele ya Antonio Inoki, bingwa wa mieleka ya Wajapani. Mwanangumi na mwanamieleka, vedeti wawili wakubwa wa dunia, nani ni mkali zaidi?

Jibu halikupatikana. Sheria zilifungwa namna ambayo Inoki hakuweza kutumia mengi ya yale anayoyajua. Kwa raundi karibu zote 15 alilala chali akimpiga Ali mateke miguuni, na Ali akabaki kumzunguka. Waamuzi wakasema sare. Watu walikasirika, na Ali akarudi na miguu iliyovimba, akatibiwa hospitalini.

Majina yalikuwepo na pesa ilikuwepo. Mchezo wenyewe haukuwepo bado: hakukuwa na sheria ya pamoja, wala walimu, wala sali za kuwafundisha vijana kuunganisha ngumi na mieleka. Vedeti wawili hawakuweza kuuzaa kwa usiku mmoja.

3. Mwaka 1993: mti uliopandwa zamani

Mchezo tunaouita MMA leo ulipata mlango wake mkubwa tarehe 12 Novemba 1993, Denver, Marekani, katika UFC ya kwanza. Watu wanane, usiku mmoja, anayeshinda anaendelea. Mmoja alikuwa mwanangumi wa kulipwa, Art Jimmerson, aliyeingia na glavu mkono mmoja tu. Mwingine alikuwa Ken Shamrock, mwenye misuli kama sanamu. Lishikeni hili jina, tutalikuta tena.

Aliyeshinda ni Royce Gracie, kijana wa Brazili wa kilo kama 80, mwembamba kuliko wengi. Alishinda mapambano matatu usiku ule. Wengi waliona kama miujiza. Lakini familia ya Gracie ilikuwa imefundisha na kuboresha jiu-jitsu yao Brazili tangu miaka ya 1920, kutoka kwa Carlos na Hélio mpaka kwa watoto wao. Rorion, kaka ya Royce, alikuwa hata mmoja wa walioandaa usiku ule. Kumbe walipanda mti zaidi ya miaka 60 kabla ya watu kuonja tunda.

Sisi tunaofanya kazi ya kahawa hapa Kivu tunajua hesabu hii. Mbegu inakaa miezi mingi kwenye kitalu. Ukiuhamisha mche shambani, unangoja karibu miaka mitatu ndipo uvune mara ya kwanza. Mnunuzi anaona tunda jekundu tu. Hajui nani alikuwa anamwagilia maji wakati wa kiangazi.

4. Mwaka 2005: kitalu kinaokoa nyumba

Mwanzoni mwa 2001 UFC iliuzwa kwa dola milioni 2. Wanunuzi, ndugu wawili wa ukoo wa Fertitta wenye kasino, pamoja na Dana White aliyewekwa kuongoza, walipoteza makumi ya mamilioni ya dola katika miaka iliyofuata. Walikuwa karibu kuuza. Jaribio lao la mwisho lilikuwa kipindi cha televisheni, The Ultimate Fighter, kilichoanza Januari 2005. Kwa sababu televisheni ilikuwa na mashaka, wao wenyewe walilipa gharama ya kukitengeneza.

Angalieni walichofanya. Hawakuenda kutafuta mwimbaji ao mchezaji wa sinema. Walichukua vijana wasiojulikana, wakawaweka nyumba moja kwa majuma kadhaa, na kuwapa walimu wawili. Watazamaji waliona mazoezi, uchovu, ugomvi, machozi. Siku ya mwisho, tarehe 9 Aprili 2005, Forrest Griffin, aliyewahi kuwa polisi, alipigana na Stephan Bonnar kwa namna ambayo watu walipigiana simu: washa televisheni, usikose! Griffin alishinda kwa pointi, lakini wote wawili wakapewa mkataba. Miaka mitatu baadaye, Julai 2008, Griffin akawa bingwa wa dunia wa uzito wake.

Kutoka kitalu hicho walitoka pia Rashad Evans na Michael Bisping, na baadaye Kamaru Usman, mzaliwa wa Nigeria, aliyekuwa bingwa mwaka 2019. Somo ambalo mimi naliona ni hili: kulea kipaji mbele ya macho ya watu ni namna moja ya kutengeneza vedeti. Watu wanampenda kwa sababu walimuona akikua.

5. Vedeti mwenye mizizi: Brock Lesnar

Hapa mudogo wangu alinikatiza: «Lakini Lesnar je?» Ana haki. Sisi wote tuliokua na sidii za kachi, ile mieleka ya maonyesho, tulimjua Lesnar kabla ya kujua MMA ni nini.

Lesnar alisainiwa na UFC kwa sababu ya jina lake. Tarehe 2 Februari 2008 aliingia kwa mara ya kwanza na kupoteza mbele ya Frank Mir kwa sekunde 90: Mir alimkamata mguu akamkunja goti. Wengi walicheka. Lakini tarehe 15 Novemba mwaka huo huo alimpiga Randy Couture na kuchukua mkanda wa uzito wa juu, likiwa pambano lake la nne tu maishani. UFC 100, Julai 2009, ambapo alilipa deni lake kwa Mir, iliuzwa kuliko usiku wowote wa UFC kabla yake.

Siri ni nini? Kabla ya kachi, Lesnar alikuwa bingwa wa mieleka ya kweli ya vyuo vikuu vya Marekani, mwaka 2000, akiwa Chuo Kikuu cha Minnesota. Alilelewa katika kitalu kimoja kigumu sana duniani. Kachi ilimpa jina, mieleka ya chuo ilimpa mizizi. UFC ilinunua vyote viwili kwa mkataba mmoja.

Na hata hivyo kitalu kikamfikia. Oktoba 2010 alikutana na Cain Velasquez, kijana aliyetoka mieleka ya chuo pia, lakini ambaye tangu hapo miaka yake yote ilikuwa katika sali moja ya San Jose, akijifunza ngumi, mateke na kila kitu. Velasquez alimmaliza raundi ya kwanza.

6. Nyumba ya nguzo moja: Kimbo Slice

Hadithi ya Kimbo inafanana sana na ya msanii wetu wa gala. Kimbo Slice alizaliwa Bahamas, akakulia Miami. Alipata umaarufu kwa video za mapigano ya uani zilizosambaa ku intaneti, wakati wengi wetu tulikuwa bado primeri. Kampuni moja inayoitwa EliteXC ikamsaini na kumfanya nguzo yake. Tarehe 31 Mei 2008 alipigana kwenye CBS, na ilikuwa mara ya kwanza MMA kuonyeshwa saa za jioni kwenye televisheni kubwa ya taifa kule Marekani.

Tarehe 4 Oktoba 2008 alipaswa kukutana na nani? Ken Shamrock, yule wa 1993, ambaye sasa alikuwa mzee wa mchezo. Siku ile ile Shamrock akapasuka juu ya jicho, akazuiliwa kupigana. Wakamtafuta haraka Seth Petruzelli, mtu aliyekuwa kwenye kadi ndogo ya usiku ule. Petruzelli alimwangusha Kimbo kwa sekunde 14.

Kabla mwezi huo haujaisha, EliteXC ikafunga milango. Ni kweli ilikuwa na madeni kabla ya hapo. Lakini mpango wote wa kuyalipa ulikuwa umetundikwa kwenye shingo ya mtu mmoja ambaye hakupewa muda wa kujifunza. Na waliobaki bila kazi hawakuwa Kimbo peke yake. Walikuwemo wapiganaji walioiva kama Robbie Lawler na Nick Diaz, na Gina Carano aliyekuwa anafungua njia kwa wanawake. Lawler alikuja kuwa bingwa wa UFC mwaka 2014. Kipaji kilikuwa ndani ya nyumba, lakini taa yote ilielekezwa kwa mtu mwingine.

Kimbo mwenyewe simlaumu. Mwaka uliofuata alikubali kuingia The Ultimate Fighter, akalala nyumba moja na vijana wasiojulikana, akaanza kujifunza kama mwanafunzi. Inahitaji moyo kufanya vile ukiwa tayari unaitwa vedeti.

7. Miaka miwili haitoshi: CM Punk

Kama Lesnar ni vedeti mwenye mizizi, CM Punk ni jaribio la kuona kama mizizi inaweza kununuliwa. Alikuwa jina kubwa sana kwenye kachi. Desemba 2014 UFC ikatangaza imemsaini, akiwa na miaka 36, bila pambano hata moja, hata la ridhaa. Punk hakudanganya mtu. Alihamia sali ya Duke Roufus huko Milwaukee, akafanya mazoezi, akaumia, akapasuliwa mgongo, akarudi.

Ilikuwa lazima kumtafutia mpinzani wa kiwango chake. Wakamchukua Mickey Gall, kijana wa miaka 24 aliyekuwa anaanza. Tarehe 10 Septemba 2016, Cleveland, Gall alimwangusha mara moja na kumkaba shingo; ilichukua dakika 2 na sekunde 14. Malipo yaliyotangazwa ya Punk yalikuwa dola 500,000. Yale ya Gall yalikuwa sehemu ndogo sana ya hizo. Juni 2018 Punk alipigana tena, Chicago, mji wake, na waamuzi wakampa ushindi mpinzani wake Mike Jackson. Ikawa mwisho.

Kwa Punk najifunza kwamba bidii peke yake haifupishi muda. Ukimwagia mche maji ya miaka mitano kwa miezi sita, unauozesha. Lakini pia najifunza kitu kutoka upande wa Gall: jina la Punk lilimpa kijana huyo jukwaa ambalo asingelipata kwa miaka mingi. Vedeti anaweza kuwa ngazi ya mwenzake, ikiwa aliyepanga mapambano anataka iwe hivyo.

8. Bingwa wetu ambaye hatumjui

Sasa swali kwenu: nani anamjua Christian M'Pumbu?

Nimeuliza vijana kumi wa sali ya mudogo wangu, vijana wanaojua majina ya wapiganaji wote wa Dagestan. Hakuna hata mmoja aliyemjua. M'Pumbu ni mzaliwa wa Kinshasa aliyefanya kazi yake akiwa Ufaransa, nchi ambayo kwa miaka yote ile haikuruhusu mashindano ya MMA ya kulipwa. Iliruhusu mwaka 2020 tu. Mwaka 2011 alienda Marekani kwenye kampuni ya Bellator. Bellator ya wakati ule haikugawa nafasi kwa jina. Ilikuwa na mashindano ya mtoano ya watu wanane: shinda mara tatu, unapata haki yako. M'Pumbu alishinda mara tatu ndani ya miezi michache, na tarehe 21 Mei 2011 akawa bingwa wa kwanza kabisa wa Bellator wa uzito wa kati-juu, ule wa kilo 93.

Mzaliwa wa nchi yetu, bingwa wa kwanza wa mkanda wa Marekani! Na sisi tulipita tu.

Hapa lazima tuwe waaminifu, juu historia haiko upande mmoja. Mtoano ulikuwa wa haki, lakini ulitoa mabingwa ambao watu hawakuwajua. Mwaka 2014 Bellator ikabadili kiongozi, na Scott Coker akageuza njia. Tarehe 19 Juni 2015 akaweka juu ya afishi nani? Kimbo Slice na Ken Shamrock, hao hao walioshindwa kukutana mwaka 2008. Shamrock alikuwa na miaka 51. Usiku ule ulivunja rekodi ya watazamaji ya Bellator. Februari 2016 wakarudia, Kimbo na jirani yake wa zamani Dada 5000, na rekodi ikavunjwa tena. Lakini Dada 5000 alianguka kwa uchovu, akapelekwa hospitalini akiwa mahututi. Kimbo akapimwa akakutwa na dawa zilizokatazwa. Miezi minne baadaye Kimbo akafariki kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 42.

Kwa hiyo vedeti analeta watu, ndiyo. Na mwili wake njo unalipa.

Katika miaka hiyo hiyo Bellator ilikuwa pia inalea. A. J. McKee aliingia mwaka 2015 akiwa mwanzo kabisa, akapandishwa ngazi kwa ngazi. Julai 2021 akashinda mashindano makubwa, mkanda na dola milioni moja. Mwenzake Aaron Pico alikuwa na kipaji kinachosifiwa hata zaidi, lakini alisukumwa haraka: pambano lake la kwanza la kulipwa, Juni 2017, liliwekwa kwenye usiku mkubwa wa New York, na akapoteza kwa sekunde 24. Ilimchukua muda kujijenga upya. Hata kipaji cha kweli kinaweza kuharibiwa kwa kukitendea kama vedeti kabla ya wakati wake.

9. Ngannou: kutoka machimbo ya mchanga

Hakuna anayeunganisha pande zote mbili kama Francis Ngannou. Alizaliwa Batié, Kameruni, na akiwa mtoto alichimba mchanga. Alipita jangwa na Moroko, akafika Paris mwaka 2013 bila mahali pa kulala. Alitaka ngumi tu. Katika sali moja ya Paris, MMA Factory, mwalimu Fernand Lopez alimwona akamsogeza kwenye MMA. Miaka miwili tu baadaye, Desemba 2015, alikuwa UFC.

Januari 2018 alipigania mkanda dhidi ya Stipe Miocic, akachoka, akapoteza kwa pointi raundi zote tano. Nguvu ilikuwepo, kitalu hakikuwa kimemaliza kazi yake. Alirudi kujifunza mieleka na kupumua. Machi 2021 alikutana na Miocic tena, na raundi ya pili akawa bingwa.

Mwaka 2023 aliondoka UFC kwa sababu ya masharti ya mkataba. Na sasa yeye njo alikuwa vedeti anayealikwa: Oktoba mwaka huo alipigana ngumi na Tyson Fury kule Riyadh, akamwangusha chini raundi ya tatu, akapoteza kwa pointi. Machi 2024 Anthony Joshua alimmaliza raundi ya pili. Ukiingia shamba la watu, hata kama wewe ni Ngannou, unakuta miti iliyopandwa kabla yako.

Kuondoka kwake kunatukumbusha pia kwamba kitalu kinaweza kunyonya miche yake. Wapiganaji waliishtaki UFC kwa kubana malipo na soko, na kesi moja iliisha kwa makubaliano ya dola milioni 375, yaliyokubaliwa na mahakama mwaka 2025. Kulea bila kulipa vizuri si kulea, ni kuvuna mapema.

10. Jibu langu

Mudogo wangu, na ninyi wenzangu, haya njo nimeyaona.

Moja: umaarufu si adui. Watu waliopanda madirishani walileta pesa mlangoni, na bila pesa hiyo hakuna gala. Kosa la waandaaji wetu haikuwa kumualika msanii. Kosa ni kwamba hakuna franka hata moja ya mlango ule iliyofika kwenye bati linalovuja, na pambano la kijana wa miaka mitano ya jasho liliwekwa saa tisa mchana badala ya kuwa kabla tu ya lile la msanii, wakati macho yote tayari yamekaa.

Mbili: vedeti apewe mpinzani wa kiwango chake, na daktari awepo. Kumbuka Dada 5000.

Tatu: anayejulikana bila mizizi anadumu usiku mmoja ao miwili. Mwenye mizizi akijulikana, anadumu. Kwa hiyo usiache kitalu, lakini usijifiche pia. M'Pumbu alikuwa na mkanda bila mtu wa kumtangaza kwetu. Griffin alionekana akijifunza. Piga picha mazoezi yako, eleza unachofanya, acha watu wakuone ukikua. Hili nalisema pia kwa agronoma mwenzangu aliye na kazi nzuri ya mwisho wa masomo iliyofungiwa kwenye kabati.

Mlango pia umesogea karibu. Mwaka 2025 kampuni ya PFL, ile iliyoinunua Bellator, ilianzisha mashindano ya PFL Africa, na Ngannou alikuwa kati ya viongozi wake. Walianza Cape Town mwezi wa saba, na mwezi wa kumi walikuwa Kigali. Kutoka Bukavu mpaka Kigali si bahari.

Nilimsomea mudogo wangu haya yote jana jioni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: «Yaya, maneno ni mazuri, lakini bati je?»

Ana haki tena. Kwa hiyo naleta pendekezo kwa chama chetu: gala ijayo ikiandaliwa hapa mjini, twende kuwaona waandaaji kabla afishi haijachapwa, na tuombe mambo mawili kwa maandishi. Sehemu ya pesa ya mlango iende kwenye sali zinazofundisha vijana, na pambano linalotangulia la vedeti liwe la kijana wa kitalu. Wanasheria wetu waandike, watu wa uchumi wapige hesabu. Mimi nitashika ngazi siku ya kubadili bati.

Nani yuko tayari? Na ku miji yenu, Goma, Uvira, Kalemie, Lubumbashi, sali za vijana ziko namna gani? Tuandikieni.